Namba Ambayo Mjomba Wako Hakuipokea

Mwanangu Rukia,

Barua huanza kwa kuulizana hali, ila hali yako naijua. Uko chumba cha pili unagombana na zipu ya begi, na baba yako anakukumbusha tena kwamba Mbeya si Tanga, sweta liwe juu ya nguo zote. Mambo ya sweta, chakula cha njiani na nani atakupokea stendi nimemwachia yeye. Anayapenda, na leo yanamsaidia asionekane ana huzuni. Mimi nimekaa hapa kwenye cherehani, isha imeshaadhiniwa, na naandika kwa mkono kwa sababu ninalotaka kukueleza linahusu simu, na sikutaka kulipitisha kwenye simu.

Leo alasiri ulikuwa unakunja nguo, simu yako ikaita. Ukaitazama, ukasema, "Namba ngeni," ukaikata. Ikaita tena, ukaikata tena, ukacheka: "Matapeli hawa hawachoki, mama." Baadaye ikaingia meseji kwamba chumba chako cha hosteli kipo tayari, bonyeza hapa uthibitishe. Hukubonyeza, nikafurahi. Kisha ukaifuta, na mimi nikaacha kufurahi, nikaanza kujiuliza. Aliyepiga na aliyeandika walikuwa mtu mmoja? Alikuwa mwizi, au dada fulani wa ofisi ya chuo aliyepewa kazi ya kuwapigia wanafunzi wapya mmoja mmoja? Wewe hujui, mimi sijui, na sasa hakuna njia ya kujua. Unanifahamu. Jambo la namna hiyo linaweza kuninyima usingizi. Baba yako haniiti mpelelezi wa mtaa wa Mabawa bure.

Sikulaumu. Nimekaa tu nikakumbuka kwamba kuna habari moja ya nyumba hii ambayo hujawahi kuambiwa yote, na kesho ukishapanda basi nitakuwa nimechelewa.

Unakumbuka siku Mjomba Athumani alipokuja hapa mara ya kwanza? Ulikuwa darasa la sita. Nina hakika unamkumbuka na kile kikapu chake cha pweza na machungwa, na namna alivyokushika kipaji cha uso kama daktari. Nilikutuma dukani ukalete soda. Uliporudi ulitukuta tumekaa kimya, macho mekundu. Ukauliza, "Mama, mbona unalia?" Nikakwambia ni vitunguu. Siku ile, Rukia, hapakuwa na kitunguu hata kimoja ndani ya nyumba hii.

Itabidi nianze nyuma, kwa bibi yako.

Mama aliugua presha muda mrefu, lakini alizidiwa ghafla. Nilikuwa naye wodini peke yangu. Kaka yangu Athumani, ndugu yangu pekee wa tumbo moja, alikuwa Lindi kwenye kazi ya kujenga. Mama alikuwa hasemi tena isipokuwa neno moja: Athumani. Mimi nimemshika mkono, nimemfuta jasho, nimemsomea, na yeye anamwita Athumani. Sikuona wivu, nakwambia kweli. Nilitaka tu amsikie.

Simu yangu ilikuwa imezima chaji tangu usiku. Nikamwomba nesi simu yake, naye akanipa bila kusita. Namba ya kaka nilikuwa naijua kwa moyo. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikaisogeza karibu na sikio la mama. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena. Ikaita kidogo, ikakatwa. Mara ya tatu ikawa imezimwa.

Nesi akaniambia, "Mwandikie meseji, dada. Watu hawapokei namba wasizozijua."

Nikamrudishia simu yake. Nikasema, "Akitaka atapiga mwenyewe."

Mpaka leo najiuliza ilinitoka wapi jeuri ile. Meseji ya maneno matatu tu, "Salma hapa, pokea." Vidole vyangu vilikuwa vizima. Nadhani nilikwisha kukasirika, na mtu aliyekasirika huwa anataka apate sababu ya kuendelea.

Mama alifariki kabla ya adhuhuri. Tukamzika alasiri, kama desturi yetu, maiti hangojeshwi. Kaka alipata habari jioni alipowasha simu. Aliposhuka Tanga matanga yalikuwa karibu kuanuliwa. Alisimama mlangoni kwa mama, kule Ngamiani, mkoba bado uko begani, watu wamejaa barazani.

"Mmenizikia mama," akasema.

"Nilikupigia. Ukanikatia."

"Hukunipigia, Salma. Namba yako haimo kwenye simu yangu."

"Nilipiga kwa namba ya nesi."

"Namba ya nesi mimi naijuaje? Kila siku naambiwa nimeshinda gari, nimeshinda kiwanja, leo nimeshinda nini tena! Nilikuwa juu ya jukwaa, nashika tofali mkono mmoja. Ungeniandikia neno moja. Moja tu!"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasema, na watu wote wanasikia, "Anayempenda mama yake hupokea simu."

Mkoba hakuwa hata ameutua. Akageuka nao.

Baadaye kazi ya Lindi ikaisha, akahamia Kigombe kwa wakwe zake, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na hatukuonana. Idi ikija inapita. Ndugu walipofungua kundi la ukoo kwenye simu, yeye akaingizwa na mimi nikaingizwa. Akiandika yeye "Amina" kwenye dua ya mtu, mimi naiacha yangu ikae kwanza, isije ikaonekana nimemfuata. Ndivyo tulivyoishi, Rukia, watoto wa mama mmoja, tukipishana kwenye Amina. Wewe ulikua ukijua una mjomba mahali fulani, basi.

Sasa nije kwenye ile wiki aliyokuja mjomba wako.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na mimi nimezama kwenye sare. Simu ikaita, namba ngeni. Mimi si kama wewe, mimi hupokea. Fundi asiyepokea namba ngeni atapata wapi wateja?

"Shikamoo Mama Rukia," sauti ya msichana, laini, shikamoo imenyooka.

"Marhaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi naitwa Neema, mama. Ni katibu wa kikundi cha mafundi cherehani. Tunawaingiza mafundi wote wa sare kwenye kundi moja, kuna kazi kubwa inakuja. Sasa hivi utaona meseji imeingia ina namba sita. Nisomee hizo namba, mama, nikuingize."

Nilikuwa na pini mdomoni na kola mkononi. Meseji ikaingia kweli, namba sita kweli. Nikamsomea na pini zangu mdomoni, akanisikia vizuri sana, akasema, "Asante mama, Mungu akubariki." Chini ya zile namba palikuwa pameandikwa kwamba usimpe mtu yeyote. Niliyaona maneno hayo baadaye. Jicho langu lilikwenda kwenye nilichoombwa, likaishia hapo.

Dakika hiyohiyo ule mtandao wetu wa meseji, wenye makundi, ukanitoa. Nikadhani ni simu inasumbua, nikaendelea kushona.

Asubuhi yake, Jumamosi, Mama Joni jirani yetu akaingia bila hodi, kitenge hajakifunga vizuri.

"Mama Rukia! Rukia yuko wodi gani?"

"Rukia? Rukia yuko uani anafua."

Akanitazama. Akatoka kwenda uani kuhakikisha. Akarudi. "Mbona umeniandikia amelazwa?"

Akanipa simu yake. Nikasoma maneno yangu ambayo sikuyaandika. Picha yangu ipo, ile niliyovaa dera la njano, na chini yake mimi naomba msaada, mtoto wangu kazidiwa, tuma kwenye namba hii, jina litakalotokea ni la daktari. Mama Joni alitaka kutuma, salio likamwangusha, ndipo akakata shauri aje na uji. Uji wenyewe alikuwa ameuacha jikoni kwake kwa haraka.

Nilihisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akamkuta mwingine amekaa kwenye kiti chake, amevaa nguo zake, anapokea wageni. Na katikati ya hofu ile, usinicheke, nikawa nauliza: alijuaje? Alijua jina langu, kazi yangu, na kwamba msimu huu nashona sare. Mama Joni akasema huenda ni mtu wa hapahapa mtaani. Tukaanza kuwataja watu, Mungu atusamehe. Nilipotoka nje kupunga hewa nikakutana uso kwa uso na kibao changu mwenyewe ukutani: MAMA RUKIA, FUNDI WA SARE NA MAGAUNI, na namba ya simu chini kwa rangi nyekundu. Nilimlipa mchoraji mwenyewe, nikamwambia aandike herufi kubwa, mtu asome hata akiwa juu ya baiskeli.

Nikaanza kuwapigia watu wa ukoo kwa simu ya kawaida, mmoja mmoja: msitume, si mimi. Majina yao mwizi aliyaona kwenye kundi. Wengine walikuwa wameshatuma, na hao nimewabeba moyoni muda mrefu, maana walitoa kwa ajili yako. Nikafika kwenye jina la kaka. Nikalitazama. Nikasema, huyu hawezi kutuma, hatusemezani. Nikaliruka.

Adhuhuri haijafika nikasikia hodi. Hodi ile niliijua kabla sijamwona mtu. Mama alikuwa akisema Athumani anabisha hodi kama anayeomba msamaha kwa mlango.

Amezeeka, ndicho nilichokiona kwanza. Kikapu mkononi, na mfuko wa shati umefura, leso imefungwa fundo ndani yake.

"Mgonjwa yuko wapi?" akasema. Hata salamu hakunipa.

Nawe ukatokea uani, mikono ina povu, mdomo umejaa muhogo wa kuchoma. "Shikamoo," ukasema, na muhogo wako. Akakusogelea, akakuwekea mgongo wa kiganja kipajini. Akakiacha pale muda.

"Mbona hana homa?"

"Nenda dukani ulete soda," nikakwambia.

Ulipotoka nikampa kiti. Hakukaa. Akawa anaongea amesimama, harakaharaka, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima akaogopa yatamtoroka.

"Nilipoiona meseji yako sikuamini. Nikakupigia palepale kwenye meseji, hukupokea. Nikaandika, nakuja. Ukaniambia usije, tuma tu, daktari anangoja. Nikasema, mgonjwa gani huyu ambaye mjomba wake anaambiwa asije? Nikapita hospitali, hayumo. Nikaja hapa."

"Ulishuku," nikasema.

"Nilishuku sana. Nikamwambia mke wangu, huyu si Salma, huyu ni mwizi. Lakini nikafikiri, na kama ni yeye? Niliwahi kukosea upande huo mara moja. Nikaona bora nikosee upande huu. Mtu akiumwa huendewa."

"Naomba niione."

Akanipa simu. Nikasoma. *Shikamoo kaka yangu. Nisamehe kwa yote. Mwanangu Rukia amelazwa, nimekwama.* Na mengineyo, yale ya daktari.

Nikarudia mstari wa kwanza. Nisamehe kwa yote. Mama Joni hakuandikiwa hivyo. Kwa nini yeye? Labda mwizi alijaribu maneno tofauti kwa watu tofauti, anapapasa gizani. Labda ndugu wengi wana jambo kati yao, na wezi wanajua kuliko sisi. Vyovyote alivyoyapata, alikuwa ameandika kwa mstari mmoja kile ambacho mimi nilishindwa kukiandika miaka yote tunapishana kwenye Amina. Na kaka yangu alikuwa amesimama mbele yangu kwa ajili yake.

Mwanangu, hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Nilifikiria kunyamaza. Ingekuwa rahisi. Ningesema, ndiyo kaka, nilitishika, homa ikashuka, Alhamdulillahi. Uongo wenyewe ulikuwa umeshatengenezwa na mtu mwingine, mimi nilitakiwa kuuvaa tu, na ulinitosha kama nguo niliyojipimia. Nilimtazama usoni. Alikuwa ananingoja niseme.

"Kaka," nikasema, "si mimi niliyeandika."

"Nani?"

"Mwizi. Alinipokonya namba jana. Amewaandikia watu wengi."

Akakaa. Kile kiti alichokikataa, akakikalia kwa uzito wote. Akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo hukuniomba radhi," akasema.

"Sikukuomba."

"Haya."

Akainama kuchukua kikapu. Nikaona anaondoka tena, safari hii kwa haki yake. Nikamshika mkono. Bado nilikuwa nimeshika simu yake kwa mkono mwingine, na nikasema kilichonijia:

"Hiyo habari ya kulazwa ifute. Na ya daktari ifute. Lile neno la juu liache. Hilo nalichukua, liwe langu."

Kikapu akakiachia.

Tulikaa. Kisha akaanza kusema bila kunitazama. "Jioni ile Lindi, nilipowasha simu zikaanguka meseji za msiba. Mimi sikumpigia mtu wa ukoo. Niliipigia ile namba ngeni. Akapokea mwanamke. Nikamwuliza, wewe ndiye uliyenipigia asubuhi? Akasema ni nesi, dada yako ndiye aliyepiga. Nikamwuliza, mama yangu alikuwa hai ilipokuwa inaita? Akanyamaza. Nikamwambia, niambie dada yangu, Mungu anakuona. Akasema, alikuwa anaisikia inavyoita."

Nilikuwa nadhani hilo nalijua peke yangu, Rukia. Nadhani ndilo lililonifanya niwe mkali vile mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimebeba mlio ule wa simu sikioni na nilitaka mtu mwingine aubebe. Kumbe alikuwa ameshaubeba. Alisimama pale barazani Ngamiani na mzigo uleule, na mimi nikamwongezea juu yake.

"Tangu siku ile," akasema, "sijaiacha namba yoyote iite mpaka ikatike. Napokea wote. Matapeli wananijua. Wananiambia nimeshinda gari, nawauliza hali za wazazi wao. Kuna mmoja aliniambia, mzee, umenichosha, akakata."

Akacheka kidogo, na mimi nikacheka, na kicheko kikageuka. Hapo ndipo vile vitunguu vilipoanza.

Kabla hujarudi tulifanya jambo moja zaidi. Yeye alikuwa na ile namba ya kutumiwa pesa. Akaniuliza, "Tumpigie?" Wewe unajua jibu langu. Akaweka sauti ya nje. Ikapokewa haraka. Hakuwa Neema, alikuwa kijana wa kiume.

"Habari yako, kijana."

"Safi mzee. Umetuma?"

"Nimekuja mwenyewe. Niko kwa Salma hapa."

"Umekosea namba, mzee."

"Sijakosea, mwanangu. Nina swali moja. Yale maneno ya kuomba msamaha uliyatoa wapi?"

Tukasikia pumzi yake. Nyuma yake kulikuwa na redio na mtoto analia. Sekunde chache nilidhani atajibu, nikasogeza kichwa. Akakata. Tulipopiga tena ilikuwa imezimwa. Namba ile tuliipeleka kituo cha polisi, ikaandikwa, na sikuwahi kujua iliishia wapi. Akaunti yangu niliipata jioni, nikaambiwa niiwekee namba ya siri ya pili, nikaiweka.

Usije ukadhani namshukuru yule kijana. Aliwala watu wa ukoo wetu kwa jina lako, na kama wewe ungekuwa umelazwa kweli wiki iliyofuata, ni nani angeniamini? Hilo ndilo wanaloliiba hasa. Mama Joni alikaa muda mrefu kila nikimwandikia anakuja mlangoni kunitazama uso ndipo ajibu. Lakini siwezi kusema pia kwamba simfikirii. Mtoto aliyekuwa analia nyuma yake alikuwa wa nani? Yeye mwenyewe ana dada?

Nimeandika mengi na sijui kama nimekushauri lolote. Ninachokijua ni kidogo, nacho nilikipata kwa njia uliyoisoma. Namba za siri zinazoingia kwenye simu yako usimsomee mtu, hata akiwa na shikamoo iliyonyooka, hata sauti ikiwa yangu mimi. Mtu akikuharakisha, weka simu chini unywe maji. Mwenye shida ya kweli atakuwepo ukimaliza kunywa, na unaweza kumtafuta kwa namba unayoijua, au ukaenda kwa miguu yako kama alivyofanya mjomba. Mimi nilifungua mlango wote, nikaibiwa. Yeye aliufunga wote, akamkosa mama. Tulikosea pande mbili za mlango mmoja, na sidhani kama kuna mtu anayejua kipimo chake kamili. Ukisema tu "matapeli," umemaliza kufikiri. Uliza, "Nani mwenzangu?" Mwulize anachotaka, mwulize amekupataje. Kuuliza hakujamponza mtu. Kilichoniponza mimi ni kujibu.

Ile ya hosteli, kesho ofisi zikifunguliwa, hata ukiwa ndani ya basi, tutaipigia ofisi ya chuo kwa namba iliyoko kwenye barua yao ya kukupokea. Nimeshaiona, iko juu, upande wa kulia. Labda tutagundua ni wezi. Labda tutagundua kuna dada wa watu amekaa huko Mbeya anashangaa kwa nini huyu Rukia wa Tanga anamkatia simu.

Baba yako amenyamaza sasa, maana yake zipu imefungika. Mjomba wako anakuja alfajiri kutoka Kigombe kukusindikiza.

Kesho utafika usiku. Ikiwa chaji yako imekwisha, azima simu ya yeyote: kondakta, mwenzako wa kiti, mlinzi wa getini. Usiseme nitampigia mama kesho. Nitakuuliza kitu kimoja tunachokijua wawili tu, usichukie, nawe ukipata simu yangu ya ajabuajabu niulize hivyohivyo. Nitakuwa nimekaa hapa, nimeiweka sauti yote juu. Itakayoita, iwe namba gani, nitaipokea.

Mama yako,
Salma